Kuvunja Ungo Mlifundwa, Kukoma Hedhi Je?

(Mazungumzo na akina mama wanakisomo wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam)



Sisi maofisa wa elimu ya watu wazima ni wadogo kwenu kwa umri. Wengi wenu mna watoto wa rika letu. Kwa hiyo hatukuja hapa kuwafunda. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo ninyi mnalijua mwilini kuliko sisi, lakini halizungumzwi. Jambo lenyewe ni kukoma hedhi, na namna mazoezi ya viungo yanavyoweza kumsaidia mama katika wakati huo.

Hebu tuanze na swali. Hapa Gongo la Mboto, na huko Pugu, Chanika na Kisarawe, msichana akivunja ungo hufanywa nini? Zamani aliwekwa ndani. Alitafutiwa kungwi. Wazaramo walimpeleka kwenye mti wa mkole, ngoma ikachezwa, akafundwa mambo ya utu uzima. Siku hizi mambo yamebadilika, lakini hata leo shangazi au bibi atamwita pembeni na kumwambia maneno mawili matatu.

Sasa swali la pili. Mama huyo huyo akifika umri wa miaka hamsini, hedhi yake ikakoma, nani anamwita pembeni? Ngoma gani inachezwa? Hakuna. Siku ya kuingia alikuwa na kungwi. Siku ya kutoka yuko peke yake.

Matokeo yake ni nini? Kila mama anabaki na lake moyoni. Usiku mwili unawaka moto, anadhani ni malaria. Akikohoa mkojo unamtoka, anadhani ni aibu yake peke yake. Magoti na mgongo vinauma, anaambiwa ni uzee tu, avumilie. Akiwa na hasira za karibu, majirani wanasema kuna mkono wa mtu. Ndipo wahenga waliposema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi leo tusifiche. Tuseme wazi.

KUKOMA HEDHI NI NINI?

Kukoma hedhi si ugonjwa. Si laana. Wala si uchawi. Ni hatua ya maisha, kama vile kuota meno na kuvunja ungo ni hatua za maisha.

Ndani ya tumbo la mwanamke kuna vifuko viwili vya mayai. Vifuko hivyo vina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutoa mayai ya uzazi. Kazi ya pili ni kutengeneza homoni. Homoni ni kama mjumbe. Hutembea katika damu na kupeleka maagizo sehemu mbalimbali za mwili. Homoni moja kubwa ya mwanamke inaitwa estrojeni.

Mwanamke akikaribia umri wa miaka 45 hadi 55, vifuko hivyo hupunguza kazi. Estrojeni inakuwa haba. Hedhi huanza kuchezacheza. Mwezi huu inakuja, mwezi ujao haiji. Mara inakuwa nyingi, mara kidogo. Mwisho inakoma kabisa. Mama akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na si kwa sababu ya ujauzito, kunyonyesha au dawa, basi tunasema amekoma hedhi.

Angalieni hapo. Tumesema miezi 12. Kabla ya miezi hiyo kutimia mama bado anaweza kushika mimba. Wengine wamejisahau wakazaa mtoto wa rika moja na mjukuu. Kwa hiyo asiyetaka mtoto aendelee na uzazi wa mpango.

Na kama hedhi inakoma kabla ya umri wa miaka 40, hiyo ni mapema mno. Mama huyo aende hospitali akapimwe.

MJUMBE AKIONDOKA, NYUMBA INAKUWAJE?

Estrojeni ilikuwa inatunza mambo mengi. Ikipungua, mama anaona mabadiliko. Tutayataja yale makubwa.

La kwanza ni joto la ghafla. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni. Jasho linatoka. Baada ya dakika chache linapita, pengine baridi inafuata. Likija usiku, usingizi unakatika.

La pili ni mifupa. Tuchukue mfano wa nyumba ya miti na udongo, ambayo wengi wetu tunaifahamu. Kila masika mvua inabomoa udongo kidogo. Kila kiangazi mwenye nyumba anakandika upya. Nyumba inadumu kwa sababu kubomoka na kukandika vinakwenda sawa. Mifupa yetu nayo ni hivyo hivyo. Kila siku mwili unaondoa mfupa wa zamani kidogo na kujenga mpya. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikisimamia kazi hiyo. Ikiondoka, kubomoka kunazidi kukandika. Miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma ndiyo mfupa unapungua upesi zaidi. Mama haoni kitu wala hasikii maumivu. Lakini siku moja anateleza bafuni, anaangukia mkono au nyonga, na mfupa unavunjika.

La tatu ni misuli. Nguvu za mapaja, mikono na mgongo zinapungua. Kuinuka kwenye mkeka kunakuwa kazi. Mama anatafuta ukuta wa kushika.

La nne ni misuli ya chini ya nyonga. Hii ndiyo tunayotaka kuizungumza zaidi leo, kwa sababu ndiyo inayofichwa zaidi. Chini kabisa ya tumbo, katikati ya mifupa ya nyonga, kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda cha teremka-tukaze. Misuli hiyo inabeba kibofu cha mkojo, kizazi na utumbo. Pia inafunga njia ya mkojo na ya haja kubwa. Mama aliyezaa mara nyingi, aliyebeba mizigo mizito miaka mingi, kamba zake zinalegea. Kukoma hedhi kunazidisha kulegea huko. Ndipo akikohoa, akipiga chafya, akicheka au akiinua ndoo, mkojo unaponyoka.

Tunajua maana ya jambo hili katika maisha. Mama anaacha kupanda daladala kwa kuogopa safari ndefu. Anaacha kwenda kwenye mkutano wa kikoba. Mama wa Kiislamu udhu wake unavunjika mara kwa mara, anaona tabu kwenda kusali na wenzake. Mama wa Kikristo anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, au haendi kabisa. Anapunguza kunywa maji, kumbe mkojo mkali unazidi kukichokoza kibofu. Hatimaye anajifungia nyumbani. Hakufungwa na mume wala na serikali. Amefungwa na misuli ambayo inaweza kufanyiwa mazoezi ikapata nguvu.

Mama zetu, hilo ndilo jambo kubwa tulilokuja kusema leo. Kuvuja mkojo ni jambo la kawaida kwa akina mama wengi, lakini si jambo la kuvumilia tu. Lina msaada.

"LAKINI SISI TUNALIMA, MAZOEZI YA NINI?"

Tukizungumza habari za mazoezi, kuna watakaosema: "Ninyi maofisa mnakaa ofisini, ninyi ndio mfanye mazoezi. Sisi tunalima, tunateka maji, tunatwanga. Hayo si mazoezi?"

Swali hili ni la haki. Jibu ni hili. Ndiyo, kazi ya mwili ni mazoezi. Kutembea kwenda shambani kunasaidia moyo na mifupa. Lakini kuna akina mama wa aina mbili.

Mama wa kwanza anakaa kupita kiasi. Yuko kwenye genge la nyanya, au kwenye cherehani, au anakaanga vitumbua. Anakaa kigodani toka asubuhi hadi jioni. Amechoka kweli, lakini miguu yake haikufanya kazi.

Mama wa pili anabeba kupita kiasi. Anainama na jembe la mkono kutwa nzima. Anajitwisha ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji. Huyu misuli yake ya mgongo imechoka, na kila anaponyanyua mzigo anasukuma kizazi na kibofu kushuka chini.

Mama wa kwanza anahitaji kutembea na kujinyanyua. Mama wa pili anahitaji kujifunza kunyanyua vizuri, kunyoosha mgongo, na kuimarisha zile kamba za chini. Kwa hiyo mazoezi si anasa ya watu wa mjini. Ni dawa, na kila dawa ina kipimo chake.

Kuna wataalamu waliosomea kazi hii. Wanaitwa wafiziotherapia. Fiziotherapia ni tiba ya viungo kwa kutumia mazoezi, kukanda, na kumfundisha mgonjwa namna ya kukaa, kusimama na kunyanyua. Wataalamu hao hufundishwa hapa hapa nchini, kwa mfano kwenye chuo kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi. Watu wengi wanadhani fiziotherapia ni kwa aliyevunjika mguu au aliyepooza tu. Sivyo. Mama anayevuja mkojo au anayeumwa mgongo naye ni mgonjwa wao. Akina mama wa Gongo la Mboto wanaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya, kisha waulize juu ya huduma hiyo katika hospitali ya rufaa ya mkoa kama Amana, au Muhimbili. Walioko mikoani waulize katika hospitali ya wilaya au ya mkoa.

MAZOEZI SITA YA NYUMBANI

Mazoezi haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mkeka, kigoda imara, ukuta na dakika chache. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari, au aliyewahi kuvunjika mfupa, azungumze kwanza na mganga. Fanya polepole. Usibane pumzi. Ukisikia maumivu makali, acha.

1. Kutembea. Tembea kwa haraka kiasi, dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma. Jumla ni dakika 150. Hicho ndicho kipimo cha chini kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kwa watu wazima. Utajuaje kama mwendo unatosha? Unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Kama unaweza kuimba, ongeza mwendo. Kama dakika 30 ni nyingi, anza na 10.

2. Kuinuka kigodani. Keti kwenye kigoda kirefu au benchi. Kunja mikono kifuani. Inuka bila kushika kitu, kisha keti polepole. Fanya mara 10. Zoezi hili linarudisha nguvu za mapaja na magoti.

3. Kusukuma ukuta. Simama mbele ya ukuta, umbali wa mkono mmoja. Weka viganja ukutani. Kunja viwiko hadi uso ukaribie ukuta, kisha jisukume kurudi. Mara 10. Hapo mikono na mabega yanapata kazi.

4. Kusimama kwa vidole. Shika mlango au nguzo. Nyanyua visigino, simama kwa vidole vya miguu, shuka polepole. Mara 10. Kisha simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi 10, badili mguu. Zoezi hili linazuia kuanguka.

5. Kunyanyua kiuno. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Nyanyua kiuno taratibu, hesabu hadi tano, shusha. Mara 10. Ni zuri kwa mgongo na nyonga.

6. Kukaza misuli ya chini. Hili ndilo zoezi la siri. Unaweza kulifanya ukiwa umelala, umekaa au umesimama, wala hakuna atakayejua. Jifanye kama unazuia hewa isitoke kwa nyuma, na wakati huo huo unazuia mkojo. Utasikia misuli ya chini inakazwa na kupanda juu. Usikaze makalio, mapaja wala tumbo. Endelea kupumua. Hesabu hadi tano, kisha legeza na pumzika hesabu ya tano. Fanya mara 10. Rudia mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na jioni.

Zoezi la 2 hadi la 5 yafanywe walau siku mbili au tatu kwa juma. Zoezi la sita lifanywe kila siku.

Juu ya zoezi la sita tuna maneno matatu ya kuongeza. Kwanza, usilifanye wakati unakojoa, maana kukatakata mkojo kunaweza kudhuru kibofu. Pili, kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua ndoo, kaza kwanza. Tatu, usitegemee matunda ya wiki moja. Misuli inahitaji muda, kama muhogo unavyohitaji muda ardhini. Endelea miezi mitatu bila kukosa, ndipo upime. Haba na haba hujaza kibaba.

Zoezi hili si jambo la jana. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari zake, na hadi leo duniani kote linaitwa kwa jina lake. Lakini wazee wetu wa pwani nao walijua kwamba nyonga inahitaji mazoezi. Mwali alifundishwa kutumia kiuno katika ngoma ya unyago. Mama anayecheza ngoma jioni pamoja na wenzake naye anatembeza nyonga, mgongo na miguu. Kule Zanzibar, marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa bingwa wa unyago, na alipiga ngoma na kuimba hadi uzeeni kabisa. Kwa hiyo asiyependa kutembea, acheze. Ngoma nayo ni dawa.

KUNYANYUA NA KUBEBA

Ukitaka kunyanyua ndoo, usiiname kwa mgongo. Sogea karibu nayo. Kunja magoti. Kaza misuli ya chini. Kisha inuka kwa nguvu za mapaja. Bora madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, kuliko ndoo moja ya lita 20 kichwani. Bora safari mbili kuliko mgongo mmoja uliovunjika. Na kama kuna vijana nyumbani, wa kiume kwa wa kike, wabebe wao.

Ukilima, simama kila baada ya muda, weka mikono kiunoni, jinyooshe.

Na ili usianguke, angalia nyumba yako. Bafuni kuna utelezi? Weka mawe au ubao wenye kukwaruza. Usiku unakwenda chooni gizani? Beba tochi.

CHAKULA

Mazoezi bila chakula ni kukandika nyumba bila udongo. Mifupa inataka madini ya chokaa. Yanapatikana katika maziwa, na katika dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Kula pia mchicha na mboga nyingine za majani. Misuli inataka maharage, kunde, mayai na samaki. Jua nalo linausaidia mwili kutunza mifupa. Sigara na ugoro ni adui wa afya yako, viacheni.

TUSEME KWELI

Hatutaki kuwadanganya. Mazoezi hayawezi yote. Lile joto la ghafla, kwa mfano, hatuwezi kuwaahidi kwamba mazoezi yatalizima. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Vaa nguo nyepesi za pamba, lala mahali penye hewa, kuwa na maji ya kunywa karibu, na uangalie kama chai ya moto sana au pilipili inakuchokoza. Likizidi hata ukashindwa kufanya kazi au kulala, nenda hospitali. Kuna dawa, zikiwemo za homoni, lakini hizo ni za kupewa na daktari baada ya kupimwa. Si za kununua mkononi kwa mchuuzi.

Yale ambayo mazoezi yanaweza ni haya: kuimarisha misuli, kupunguza kasi ya mfupa kupungua, kulinda moyo, kusaidia usingizi, kuchangamsha akili, na kwa akina mama wengi kupunguza au kuondoa kuvuja mkojo. Hayo si madogo.

Kuna dalili ambazo si za kungoja mazoezi. Nenda hospitali upesi ukiona mojawapo ya hizi:

Damu inatoka ukeni baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, hata kama ni tone.

Damu inatoka baada ya tendo la ndoa, au kuna uchafu wenye harufu mbaya.

Kuna damu katika mkojo, au mkojo unachoma.

Unahisi kitu kizito kinashuka ukeni.

Umeanguka, na mgongo au nyonga inauma sana.

Kifua kinabana unapotembea.

Tunatilia mkazo dalili ya damu. Katika Tanzania saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake. Ikigunduliwa mapema inatibika. Ikichelewa inaua. Mama asiseme, "Loo, hedhi imerudi, nimekuwa kijana tena." Hedhi iliyokoma mwaka mzima hairudi kwa heri. Aende akapimwe.

NENO KWA AKINA BABA

Gazeti hili linasomwa na akina baba pia. Nanyi tunawaomba msikilize. Mkeo akifungua dirisha usiku wa manane, hajachoka nawe. Anaungua. Akikasirika upesi, pengine hajalala siku tatu. Tendo la ndoa likimuuma, si kwamba ana mtu mwingine. Njia ya uzazi imekuwa kavu kwa kupungua kwa homoni, na zahanati wanaweza kumshauri. Usimcheke. Usimwambie amekauka. Mchukulie ile ndoo ya maji. Tembea naye jioni, hata nawe moyo wako utafaidika.

TUFANYE NINI?

Wazee mlio hapa mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kufanya. Walichimba vyoo. Walifyeka majani. Njia ile ilikuwa nzuri kwa sababu mtu hakuachwa peke yake na elimu yake. Alikuwa na wenzake.

Nasi tunashauri njia hiyo hiyo. Mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, ikaagizwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi watu wafanye mazoezi. Hapa Dar es Salaam vikundi vya vijana vya kukimbia mnaviona barabarani alfajiri. Lakini bibi wa miaka hamsini na tano atakimbiaje na vijana wa miaka ishirini? Anahitaji kikundi chake.

Msione haya. Afrika ya Kusini, katika jimbo la Limpopo, mama mmoja aitwaye Beka Ntsanwisi alianzisha timu ya mpira wa miguu ya mabibi mwaka 2007. Timu inaitwa Vakhegula Vakhegula. Mabibi wale walivaa viatu vya mpira wakaingia uwanjani. Watu walicheka mwanzoni. Mwaka 2010 walisafiri hadi Marekani kucheza. Sisi hatusemi mcheze mpira. Tunasema kama wao waliweza kukimbia mbele za watu, ninyi mnaweza kutembea kutoka hapa hadi Pugu mkiwa kumi.

Darasa lenu lina wanakisomo. Kikoba chenu kina wanachama. Kabla ya kuhesabu fedha, simameni dakika 15 mfanye yale mazoezi sita. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate. Hiyo ndiyo kazi ya kusoma. Hatukujifunza herufi ili tuandike majina yetu tu. Tulijifunza ili tutunze maisha yetu.

Na kuna jambo moja zaidi. Kila mmoja wenu, akirudi nyumbani, amtafute mama mmoja anayekaribia umri huu. Amwite pembeni, kama kungwi alivyomwita yeye zamani. Amwambie: joto litakuja, usiogope. Mifupa inataka kazi, itembeze. Mkojo ukikuponyoka, usijifungie, kuna zoezi na kuna hospitali. Damu ikirudi, kimbia ukapimwe.

Mkifanya hivyo, hedhi ikikoma nako kutakuwa na kungwi. Kungwi huyo ni ninyi.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa au kijiji chenu, mama aliyekoma hedhi husemwa nini? Katika maneno hayo yapi ni ya kweli na yapi si ya kweli?

2. Je, wengi wenu ni akina mama wanaokaa kupita kiasi au wanaobeba kupita kiasi? Kila mmoja aseme kazi zake za jana toka asubuhi hadi jioni.

3. Nani anabeba maji nyumbani kwenu? Je, kazi hiyo inaweza kugawanywa vizuri zaidi?

4. Chagueni siku na saa ya mazoezi ya kikundi. Nani atasoma kwa sauti?

5. Baada ya miezi mitatu kaeni tena. Kila mmoja aeleze: amepata nafuu gani, na nani bado anahitaji kusindikizwa hospitali?